Manjano ya Mjomba

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Chiriku alimtengenezea mjomba wake kikombe cha manjano. Alichukua vipande vya mzizi vilivyokauka, akavitwanga kwenye kinu kidogo mpaka vikawa unga, akachota kijiko kizima na kukikoroga ndani ya maji ya moto. Kwa kazi hiyo vidole vyake vilikuwa vya njano siku zote. Hata madaftari yake ya shule yalikuwa na alama za vidole pembeni, kana kwamba yamepigwa mhuri.

Jina la Chiriku alipewa na mjomba huyohuyo. Chiriku ni ndege asiyejua kunyamaza, na mtoto huyu naye alikuwa hivyo. Akitoka shule alisimulia nani kapigana na nani, nani kasinzia darasani, na mwalimu kasema nini, hata kama hakuna aliyemuuliza.

"Ukiwa na siri, Chiriku asiione," mjomba alikuwa akisema. "Mdomo wake hauna vifungo."

Mjomba alikuwa dobi, tena dobi wa kusifika. Nyumba yao mbele ilikuwa duka na nyuma makazi. Mama yake Chiriku, ambaye ni dada mkubwa wa mjomba, alipiga pasi katika chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi. Mjomba alifanya kazi chumba cha pili, walichokiita chumba cha madoa. Humo zililetwa suti zilizomwagikiwa mchuzi, magauni ya harusi yaliyoguswa na grisi ya gari, na kanzu zilizochafuliwa kwa wino. Kwa nguo zisizotaka maji, mjomba alitumia dawa ya kutolea madoa. Dawa hiyo ilikaa ndani ya dumu la bluu lisilo na maandishi yoyote. Aliimimina kwenye kitambaa, akasugua taratibu, na doa likapotea kama halijawahi kuwapo. Ilikuwa na harufu tamu, kama ya tunda lililoiva kupita kiasi.

Chumba cha madoa kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama barabara ya vumbi. Mjomba alilifunga, kisha akaziba nyufa zake kwa vitambaa.

"Vumbi ndilo adui wa dobi," alisema. "Mteja akileta shati jeupe, hataki kurudishiwa ramani."

Mama hakuipenda harufu ile. Mara nyingi alisimama mlangoni na kujipepea kwa mkono. "Mdogo wangu, hii dawa yako inapanda kichwani. Fungua hilo dirisha."

"Dada, nikifungua dirisha nimefunga duka."

Siku moja walipokuwa wakila, redio ilitoa habari iliyomfanya mjomba aache kutafuna. Mtangazaji alisema wataalamu waliwapa panya kiini kilichotolewa kwenye mzizi wa manjano, kisha wakawapa sumu inayoharibu ini, na panya wale hawakuumia sana kama wenzao.

"Umesikia, dada?" mjomba alipiga meza. "Panya amekingwa! Mimi nishindwe na panya?"

"Nimesikia. Lakini dirisha ni bora kuliko manjano."

"Dirisha la nini tena? Kinga yangu itakuwa kikombeni."

Tangu siku hiyo Chiriku akapewa kinu na kazi ya kutwanga. Na tangu siku hiyo maneno ya kufungua dirisha yakaisha. Mjomba alikuwa akimaliza kikombe chake, anapangusa mdomo, anaingia chumba cha madoa na kufunga mlango, kama askari aliyevaa ngao.

Muda ukapita. Polepole mjomba akaanza kubadilika. Zamani alikuwa mtu wa kuomba nyongeza ya chakula, sasa alikigusagusa na kukisukuma. Alijikuna mikono na tumbo, akasema ni joto. Alipobeba kapu la nguo mbichi kwenda kuanika, alisimama katikati ya uwanja kupumua. Kisha mteja mmoja, mwanamke aliyeleta mashuka, alimtazama usoni akashtuka.

"Dobi, mbona macho yako ya njano?"

Mjomba alikwenda kujitazama kwenye kioo cha dukani. Akavuta kope chini kwa kidole, halafu akacheka.

"Manjano! Yamenitia doa!"

Sasa, watu wengine wasingefikiri hivyo. Lakini hii ilikuwa nyumba ya dobi, na hakuna doa ambalo dobi analiogopa kama la manjano. Likiingia kwenye nguo nyeupe, sabuni hailiwezi. Kitu kimoja tu hulififisha, nacho ni jua. Nguo hiyo huanikwa juani siku nyingi, na rangi ile hupungua kidogo kidogo. Kwa hiyo mjomba alipoyaona macho yake, hakuuona ugonjwa. Aliona doa, tena doa analolijua.

Basi kila adhuhuri akatoa kigoda chake uani, akakaa katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akainua uso juu.

"Mjomba, unafanya nini?" Chiriku aliuliza mara ya kwanza alipomkuta hivyo.

"Najianika."

Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Alichukua vibanio viwili vya nguo akavibana kwenye mabega ya shati la mjomba. "Usije ukapeperuka!"

Mama naye alicheka, ila kicheko chake kilikatika njiani. "Mdogo wangu, twende hospitali wakutazame."

"Dada, mambo ya madoa unifundishe wewe?"

Shuleni habari zilikwishafika. Wakati wa mapumziko, msichana mmoja aliyekaa dawati la nyuma alipaza sauti, "Chiriku, mjomba wako ana macho ya paka! Usitusogelee, utatuambukiza!"

"Ni manjano tu anayokunywa!" Chiriku alijibu. "Paka ni wewe, uliyeiba kipande changu cha muhogo!"

Wenzake walicheka, na safari hii walimcheka yule msichana. Lakini Chiriku alirudi nyumbani akivitazama vidole vyake vya njano. Manjano yale aliyatwanga yeye. Kama mjomba anachekwa, basi ni kwa mikono yake.

Akakumbuka jambo ambalo mjomba alimfundisha kwenye beseni. "Maji yakibadilika rangi," alimwambia, "usizilaumu nguo zote. Toa moja, utazame maji. Yakiendelea kubadilika rangi, uliyoitoa haina kosa. Rudi utafute nyingine."

Kesho yake Chiriku hakuchota kijiko kizima. Alichovya ncha ya kidole kwenye unga, akakikung'uta juu ya maji. Manjano ni manjano, hata kidogo sana hutia rangi, kwa hiyo kikombe kilionekana kama kawaida. Ladha haikuwa shida. Pua na ulimi wa mjomba vilikuwa vimechoka kwa ile dawa ya madoa, chumvi na sukari kwake vilikuwa kitu kimoja.

Mjomba alikunywa, akalamba midomo. "Aaa! Leo umekikoleza, Chiriku!"

Chiriku aliangalia pembeni asije akacheka. Alitaka macho ya mjomba yarudi meupe kwanza, ndipo aseme.

Siku zikaenda, kila asubuhi ncha ya kidole, kila jioni akiyatazama yale macho. Hayakurudi meupe. Yalizidi, yakawa kama kiini cha yai. Rangi ikashuka mpaka viganjani na kwenye kucha. Kisha alasiri moja, akiwa anaanua nguo, Chiriku alisikia mtu akitapika nyuma ya mashuka. Alisogeza shuka moja akamwona mjomba ameinama, mkono mmoja ameushika ubavu wa kulia.

Mjomba alimwona. Akaweka kidole mdomoni.

"Chiriku, leo nitafutie vifungo uufunge huo mdomo. Mama yako ana hofu nyingi. Usimwambie."

"Lakini mjomba..."

"Nimekuomba."

Chiriku akanyamaza. Na pale pale, akiwa amekumbatia shuka, wazo likamjia. Manjano si ndiyo kinga? Redio si ilisema? Basi yeye ndiye aliyemvua mjomba ngao yake. Yeye ndiye anayemuua.

Asubuhi iliyofuata alitia vijiko viwili, vikajaa mpaka maji yakawa uji. Hakumwambia mtu. Yule mtoto aliyesimulia kila kitu sasa alirudi kutoka shule, akavua viatu, akakaa. Mama alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

"Leo shuleni hakuna aliyepigana?"

"Hakuna, mama."

Haikuchukua muda. Siku moja alipotoka shule alikuta duka limejaa majirani. Mjomba alikuwa amelala sakafuni katika chumba cha madoa, gauni jeupe la harusi likiwa chini ya mkono wake. Alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka. Fundi seremala wa jirani alileta gari lake la kubebea mbao, wakampakia juu ya magodoro, mama akampakata kichwa njia nzima.

Hospitalini walipokelewa na daktari mmoja mwanamke, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Alimpima mjomba, akamfunua kope, akambonyeza tumbo. Kisha akaja kukaa na mama kwenye benchi, Chiriku akiwa pembeni.

"Mama, ini lake limeumia vibaya. Nataka kujua ni kitu gani. Anakunywa pombe?"

"Hapana, daktari. Hata soda hanywi."

"Dawa zozote? Za hospitali, za miti, za dukani?"

"Ni manjano tu. Kikombe kizima kila siku, tena mazito. Ndiyo maana yamempanda machoni."

Daktari akatikisa kichwa. "Chakula hakipaki rangi kwenye macho. Ile njano ni ya ini lililoshindwa kazi. Lakini wapo watu wachache ambao ini lao huumizwa na manjano yakinywewa kwa wingi. Pengine ndiyo yenyewe." Akageukia muuguzi. "Tuanzie hapo."

Chiriku aliitazama miguu yake. Akisema, mama atajua kwamba yeye ndiye aliyeiondoa kinga. Asiposema, daktari atailaumu nguo isiyo na kosa. Na mjomba yumo ndani, nyuma ya pazia lile.

"Siyo manjano," alisema. Sauti ilitoka ndogo mno.

"Nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Siyo manjano! Nilikuwa simtilii. Nilitia kidogo tu, ncha ya kidole, siku nyingi, nione kama macho yatarudi. Hayakurudi, yakazidi. Halafu alitapika akaniambia nisiseme, nami sikusema." Sasa maneno yalikuwa yanamwagika pamoja na machozi. "Yalikuwa ya kumkinga na ile dawa ya madoa. Mimi nikayaondoa. Mama, mimi ndiye ninayemuua mjomba!"

Mama alishika mdomo. Lakini daktari alipiga magoti mbele ya Chiriku.

"Dawa ya madoa? Dawa gani?"

Chiriku akaeleza yote. Dumu la bluu lisilo na maandishi, harufu tamu, dirisha lililozibwa kwa vitambaa, na jinsi mjomba alivyofunga mlango na kushinda humo kutwa.

Daktari alisimama haraka. "Hilo dumu liletwe, limefungwa vizuri, mtu asilinuse. Na wewe mama, unafanya kazi wapi?"

"Chumba cha mbele."

"Harufu hufika?"

"Jioni huwa naingia kumsaidia."

"Basi na wewe njoo, tukutoe damu."

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita tena. Dawa ile ilikuwa ya aina inayoharibu ini, hasa kwa mtu anayeivuta ndani ya chumba kilichofungwa. Ini la mama nalo lilikuwa limeguswa, lakini kidogo.

"Ini ni kiungo chenye subira," daktari alisema. "Ukiliondolea sumu mapema hujiponya lenyewe. Lako litapona, mama. La mdogo wako..." Hakumaliza, naye mama hakumtaka amalize.

Chiriku aliuliza swali lililomkaa kooni. "Daktari, redio ilidanganya?"

"Haikudanganya. Panya waliopewa kiini cha manjano kweli waliumia kidogo kuliko wenzao. Lakini sikiliza: waliumia. Tena kilikuwa kiini kilichochujwa na kupimwa, siyo maji ya kikombe, na panya siyo mtu. Wataalamu bado wanatafuta. Kikombe chako, kiwe kizito au chepesi, kisingeweza kushindana na chumba kile. Mtu akikaa motoni, hata umpe maji baridi anywe, ataungua. Kwanza atoke motoni."

Jioni hiyo mjomba alipata nafuu kidogo, akaruhusiwa kuonwa. Uso wake ulikuwa mdogo kwenye mto. Chiriku alimwendea karibu, akamweleza yote, hata vile vijiko viwili vya mwisho vilivyofanya maji yawe kama uji.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ikacheza.

"Kumbe nilikuwa nakunywa maji matupu? Nami nasifu, 'leo umekikoleza'!"

Chiriku alitaka kucheka, akalia.

"Usilie. Ulitoa nguo moja ukatazama maji. Somo langu mwenyewe, na mimi mwalimu nililisahau." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nilipokuambia ufunge mdomo, hapo ndipo nilipokukosea. Mtu mzima akikuambia ufiche ugonjwa wake, usimtii. Hata kama ni mimi. Umesikia, Chiriku?"

"Nimesikia, mjomba."

"Dada," mjomba alisema akimtazama mama, "lile dirisha..."

"Nitalifungua," mama akajibu.

Mjomba hakurudi nyumbani. Baada ya siku chache ini lake lilishindwa kabisa, akafariki asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Waliomzika walirudi makwao, na duka likabaki kimya. Mashuka ya wateja yalikaa yamekunjwa bila mtu kuyagusa. Kigoda chake kilikuwa bado uani, kimeelekezwa juani, na hakuna aliyethubutu kukihamisha. Kinu kidogo kilikaa jikoni, kina unga mkavu wa njano chini. Chiriku alikuwa akikipita bila kukitazama. Alikwenda shule, akarudi, hakusimulia lolote. Yule msichana wa dawati la nyuma alimletea kipande cha muhogo bila kusema neno, naye akakipokea bila kusema neno.

Mwishowe mama alimshika mkono, akampeleka chumba cha madoa. Dumu la bluu halikuwapo, watu wa hospitali waliliacha kwao ili litupwe mahali salama. Mama aling'oa vitambaa kwenye nyufa kimoja kimoja. Kisha wote wawili wakasukuma dirisha, ambalo bawaba zake zilikuwa zimeshika kutu. Liligoma, likalia, likafunguka. Upepo ukaingia pamoja na vumbi na kelele za barabarani.

Mama alikaa kwenye ukingo wa dirisha.

"Mwanangu, nitakuambia mara moja, ulishike. Hukumuua mjomba wako. Mimi niliinusa ile harufu kila siku, na niliyaona yale macho. Nilisema kidogo, halafu nikanyamaza kwa sababu alinichekesha. Sote tulitaka kuamini kikombe, maana kunywa kikombe ni rahisi kuliko kufungua dirisha. Kinga ya kwanza ya sumu ni kuikimbia. Mambo mengine yanakuja baadaye."

Chiriku aliokota kitambaa kimoja kati ya vile vilivyong'olewa, akakikunja.

"Na jambo la pili. Ulipoogopa, ulinyamaza, na kunyamaza kulikuwa kunakula moyo wako. Ulipoogopa zaidi, ukasema. Ukweli wako haukumwokoa mjomba, ulichelewa, kama tulivyochelewa sote. Lakini mimi nimekaa hapa. Usingesema habari za lile dumu, nisingepimwa, na ningerudi humu kumaliza lile gauni la harusi. Siri ya ugonjwa siyo siri ya kutunza, mwanangu. Isemwe siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka."

Chiriku aliegemea bega la mama. Kisha akasema, "Mama."

"Naam."

"Leo shuleni mwalimu amekaa juu ya chaki. Akaandika ubaoni huku nyuma amejipaka, darasa zima likashikilia pumzi."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. "Nisimulie. Anza mwanzo."

Duka likafunguliwa tena. Mama alifua kwa maji na sabuni, akapiga pasi. Nguo zilizohitaji dawa kali alizirudisha kwa wenyewe, akiwaambia kwamba kazi hiyo hapa haifanywi tena. Wateja wengine walinuna, wengine walielewa. Siku moja bwana mmoja mnadhifu alikuja kuchukua shati lake, akaliinua kwenye mwanga.

"Mama, hili shati lina vumbi begani! Zamani duka hili halikuwa hivi. Kwani hilo dirisha halifungwi?"

Mama alilipokea shati, akalikung'uta mara moja, akalitazama dirisha lililo wazi, na Chiriku aliyekuwa akikunja mashuka chini yake.

"Halifungwi, bwana," akasema. "Vumbi linafuliwa."